Shajara ya mradi: kufungua kasha la diski ya nje ya zamani bila kulivunja, Ujiji

8 Juni 2024: Kabla ya kugusa ganda

Diski iliyo mezani ni ya nje, ya inchi 3.5 na ujazo wa TB 1, imesimama ndani ya kasha jeusi la plastiki lenye umbo la kitabu, na inatumia adapta ya volti 12. Ni mali ya studio ya picha ya Ujiji ambayo sasa imefungwa. Kwa maelezo ya mzee mwenye studio, humo mna video za harusi na maulidi zilizopigwa kati ya mwaka 2009 na 2013, na nyingi hazina nakala nyingine popote, kwa kuwa mikanda ya MiniDV, ile midogo ya kamera za video, ilikuwa ghali na ilirekodiwa upya kila kazi ilipokwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Saa moja ya mkanda wa aina hiyo huchukua karibu GB 13, hivyo diski ilijaa mapema ikawekwa kabatini. Mzee alipoikabidhi alisema, "Mwanangu, watu wanakuja kuniulizia harusi za wazazi wao, na wengi waliomo humo wameshatangulia mbele ya haki. Ifungue, lakini usiivunje."

Nimelichukua agizo hilo kuwa sharti la kiufundi. Mafundi wengi hulivunja ganda kwa imani kwamba ndani mna diski ya kawaida itakayosomeka popote itakapochomekwa. Kwa makasha mengi imani hiyo ni ya kweli, kwa mengine si kweli, na mtu aliye nje hana njia ya kujua kasha lake ni la kundi lipi hadi alifungue. Kwa sababu hiyo kasha hili litafunguliwa kama kitu ambacho huenda kikahitajika tena, pamoja na kila kipande kilichomo. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa muundo huu umetumiwa na watengenezaji kadhaa na njia inayoelezwa hapa inawafaa wote.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujiridhisha kwamba kulifungua kunahitajika kweli. Taa ya diski ilikuwa haiwaki, na adapta ndiyo mshukiwa wa kwanza katika hali kama hiyo. Multimita ilionyesha volti 12.2 kwenye plagi yake, kipimo ambacho kingeweza kumridhisha mtu mapema, ilhali volti zinazopimwa adapta ikiwa haina mzigo hazisemi lolote kuhusu uwezo wake. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi karibu ampea 2 kwa sekunde chache. Mzigo wa majaribio ulitengenezwa kwa balbu mbili za indiketa ya pikipiki, kila moja ya volti 12 na wati 10, ambazo zikiwaka pamoja huvuta kati ya ampea 1.6 na 1.7. Ya kwanza iliachwa iwake kwanza ndipo ya pili ikaunganishwa, kwa sababu waya wa balbu ukiwa baridi huvuta umeme mwingi mno kwa kitambo kifupi, na hata adapta nzima inaweza kujizima. Kwa balbu moja volti zilishuka hadi 9.1, na kwa mbili zikafika 6.7. Adapta imekwisha, yaelekea kwa kapasita zilizokauka kutokana na joto na umri. Kifuniko chake kimeyeyushwa na kuunganishwa kiwandani, kwa hiyo hakifunguki bila kuvunjwa, na hapo sikuona sababu ya kukihangaikia.

Anayenunua adapta mbadala aangalie mambo matatu: volti ziwe 12 kamili, ampea ziwe sawa na za zamani au zaidi, na alama ya duara kwenye lebo ionyeshe kwamba chanya iko katikati ya plagi. Hii ya sasa ilibaki kwenye volti 11.9 balbu zote mbili zikiwaka. Gharama: adapta shilingi 15,000, balbu mbili shilingi 3,000.

15 Juni 2024: Kosa la pili limejificha nyuma ya la kwanza

Kwa adapta mpya taa iliwaka na diski ikazunguka kwa sauti laini, bila mlio wa kugonga ambao ungeashiria vichwa vya kusomea vimeharibika, lakini kompyuta haikuona kitu chochote. Waya wa USB ulibadilishwa, tundu likabadilishwa, na kompyuta pia, hali ikawa ileile. Dalili ilijitokeza plagi ilipoinuliwa kidogo kwa kidole: kompyuta iliitambua diski, kisha ikaipoteza mara kidole kilipoachia.

Soketi iliyo nyuma ya kasha ni ya aina ya Mini-B, yenye nyaya tano ndogo ndani. Waya unaoitwa D+ ndio unaoiarifu kompyuta kwamba kuna kifaa kimechomekwa. Ukikatika, taa inaweza kuwaka na diski kuzunguka kwa umeme wa adapta huku kompyuta ikiwa haina habari. Kwa hiyo risasi ya kulehemu iliyoishikilia soketi kwenye bodi ya saketi imepasuka, na hilo halirekebishiki kutokea nje. Kuna wanaoegemeza plagi kwa kipande cha karatasi na kuendelea kunakili. Sishauri jambo hilo kabisa, kwa kuwa mguso unaokatika na kurudi katikati ya kazi unaweza kuharibu orodha ya mafaili, na kosa la risasi la shilingi chache likageuka kuwa kosa la data.

Fundi simu mmoja wa karibu na soko la Mwanga, Kigoma, ambaye ndiye atakayefanya kazi ya kulehemu, aliitazama akasema, "Kaka, unajisumbua. Lipasue hilo ganda, ndani mna diski ya kawaida, tunaichomeka kwenye kompyuta tunamaliza leo." Nilimwomba tuvumiliane.

22 Juni 2024: Kuchora ramani ya mshono

Siku hii ilitumika yote bila kufungua kitu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyookoa kasha. Jambo la kwanza lilikuwa kutafuta skrubu zilizofichwa. Watengenezaji hupenda kuziweka chini ya vijiguu vya mpira au chini ya lebo, na wengi huving'oa vijiguu hivyo kwa pupa, gundi ikafa na mpira ukachanika. Njia isiyoacha jeraha ni kutoboa kijiguu katikati kwa sindano nyembamba ya kushonea: ikigonga plastiki papo hapo hakuna skrubu, ikizama kwenye uwazi au ikakwaruza chuma, skrubu ipo. Lebo nayo ilipapaswa kwa ncha ya kidole ili kuhisi kama kuna shimo chini yake. Hapakuwa na skrubu popote, kwa hiyo kasha linashikiliwa na meno ya plastiki yaliyo upande wa ndani, ambayo kila moja limenasa kwenye tundu lake.

Kasha la namna hii lina sehemu mbili, ganda la nje na fremu ya ndani inayobeba diski, na mshono wao unazunguka ukingo wa nyuma ambako kuna soketi. Kinachotakiwa ni kujua meno yako wapi kabla ya kusukuma popote. Kwanza nilijaribu kadi ya vocha ya kukwangua. Ni nyembamba vya kutosha kuingia, lakini ni karatasi, ikajikunja. Kadi ya benki iliyokwisha muda wake ni imara, ila unene wa kadi hizo ni milimita 0.76, na mshono ulikataa. Mahali nilipoisukuma palianza kugeuka kijivu. Rangi hiyo ya kijivu au nyeupe kwenye plastiki nyeusi ni onyo la kuheshimiwa, kwa sababu inaonyesha kwamba plastiki imeanza kupasuka kwa ndani ingawa macho hayaoni ufa. Kisu hakikuguswa kabisa. Chuma ni kigumu kuliko plastiki, na kila kinapoegemea hukwangua ukingo ambao hauwezi kurudishwa.

Kilichofaa ni filamu ya eksirei ya zamani, aina ile ambayo familia nyingi zina moja kabatini. Ni nyembamba, haichaniki kwa urahisi, inapinda bila kuvunjika, na ikikatwa kwa mkasi kuwa kanda za upana wa sentimita 2 inaingia kwenye mshono kwa ulaini. Ukanda ulipitishwa taratibu ukingoni, na kila ulipokwama palibandikwa kipande cha karatasi yenye gundi na kutiwa alama ya penseli. Kulikuwa na meno matatu kila upande, na upande wa juu na wa chini haukuwa na jino lolote. Ili kuhakikisha, ganda lilibonyezwa kwa kidole gumba kando ya kila alama: palipokuwa wazi lilibonyea, penye jino liligoma.

29 Juni 2024: Kasha limefunguka

Plastiki ya zamani huwa kavu na yenye kukatika, na tiba yake ni joto la kiasi. Nilipata draya kutoka saluni ya jirani, nikaipuliza ukingoni kwa mwendo wa kwenda na kurudi, mbali kidogo, hadi ganda likawa na uvuguvugu ambao mkono unauvumilia bila shida. Joto lisizidi hapo, kwa kuwa diski si chakula cha kupikwa na diski nyingi zimetengenezwa kwa kikomo cha nyuzi 60 zikiwa kazini. Diski ilikuwa imechomolewa umeme tangu asubuhi, na kabla ya kuanza niligusa bomba la maji la chuma lililozama ardhini ili kuondoa umeme tuli mwilini. Kiangazi hewa ni kavu na umeme huo hujikusanya kwa urahisi kwenye nguo za nailoni.

Namna ya kuachia jino ni hii. Ukanda wa filamu unaingizwa juu ya alama hadi ukwame kwenye jino, wa pili unaingizwa juu ya ule wa kwanza, na wa tatu juu ya huo, hivyo mshono unafunguka kwa unene wa filamu badala ya kufunguliwa kwa nguvu ya mkono. Baada ya hapo kipande cha plastiki cha pembetatu ambacho mafundi simu hutumia kufungulia vioo kinapata nafasi ya kuingia, na kwa kukilaza kidogo, jino linatoka kwenye tundu lake kwa mlio mdogo. Jino likishatoka, kanda ziachwe palepale. Zikitolewa, linarudi kunasa lenyewe wakati fundi anashughulikia jingine, na kulitoa kwa mara ya pili ni kulichosha bure.

Upande wa kushoto ulitoka wote salama. Upande wa kulia, meno mawili yalitoka, na la tatu, lililo karibu na soketi, likavunjika. Ganda lilikuwa limeshapoa upande huo wakati kazi ikiendelea upande wa pili, na draya haikurudiwa. Anayefuata njia hii apashe joto upya kila baada ya jino moja au mawili, hata kama anaona mambo yanakwenda vizuri. Kipande kilichovunjika kilihifadhiwa kwenye bahasha. Upande wa ndani wa ganda kumechapwa herufi ABS, jambo lililonifariji sana, kwa sababu plastiki hiyo huyeyuka kwa asetoni na kwa hiyo inaweza kuungwa upya iwe kitu kimoja.

Kutoka hapo kazi ilikuwa nyepesi. Fremu ilivutwa kwa nyuma ikateleza kutoka kwenye ganda. Diski imeshikiliwa na skrubu nne zilizopita kwenye mipira ya kuzuia mtetemo, na bodi ndogo imefunikwa kwa karatasi ya fedha iliyobandikwa, ambayo ni kinga dhidi ya mawimbi, kwa hiyo ilibanduliwa polepole ili irudishiwe. Skrubu ya bodi ni ya nyota sita, namba T8. Bodi inaungana na diski kwa soketi ya SATA, kiungo cha kawaida cha diski za kompyuta, na inapaswa kuvutwa moja kwa moja kufuata mstari wa soketi. Kuinua upande mmoja kunaweza kuvunja ulimi wa plastiki ulioko kwenye diski, na ulimi huo ukivunjika hakuna kipande cha kuutengenezea dukani. Picha ilipigwa katika kila hatua, na skrubu zikawekwa kwenye trei ya mayai, kila tundu kwa hatua yake.

Diski yenyewe haifunguliwi kwa hali yoyote. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, na chembe moja ya vumbi la Ujiji ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Juu ya kifuniko kuna tundu dogo la kupumulia, lililoandikwa onyo kwamba lisizibwe. Kwa hiyo hakuna selotepu wala lebo iliyobandikwa karibu nalo.

Gharama: bisibisi ya T8 shilingi 6,000. Filamu, kadi na draya havikugharimu kitu.

7 Julai 2024: Diski peke yake haisemi

Sikukuu ya Sabasaba ilitoa siku tulivu ya kujaribu wazo la fundi wa Mwanga, ambalo lilistahili kujaribiwa kwa haki. Diski ilichomekwa kwenye kompyuta kwa kebo ya kubadilisha SATA kuwa USB. Kebo hiyo lazima iwe na adapta yake ya volti 12, kwa kuwa kebo ndogo zinazouzwa kwa ajili ya diski za laptopu hutoa volti 5 pekee, na diski ya inchi 3.5 haitazunguka.

Kompyuta iliiona mara moja, ikaonyesha baiti 1,000,204,886,016, ambazo ndizo hasa za diski ya TB 1. Kisha Windows ikauliza kama diski iandaliwe upya kwa kuwa haina mgawanyo (partition) wowote. Jibu la swali hilo ni hapana, na kila anayeshughulikia diski ya mtu mwingine anapaswa kuwa amelijua jibu kabla ya kuulizwa. Niliihamishia kwenye kompyuta yenye Linux, nikaifunga isiandikwe, nikasoma sekta ya kwanza, yaani kipande cha kwanza kabisa cha kuhifadhia data:

`blockdev --setro /dev/sdb`
`dd if=/dev/sdb count=1 | hexdump -C`

Diski yenye mgawanyo wa kawaida huwa na baiti mbili, 55 na AA, mwishoni mwa sekta hiyo. Hapa hazikuwepo, na sekta nzima ilijaa herufi zisizo na mpangilio. Kilichonipa jibu kilikuwa mbele zaidi: maeneo ambayo kwa kawaida yangekuwa sifuri tupu yalikuwa na mfuatano uleule wa baiti 16 ukijirudia kwa kurasa na kurasa. AES, mfumo wa kusimba data (kuzifumba zisisomeke bila ufunguo) unaotumika duniani kote, hufanya kazi kwa vipande vya baiti 16. Data yote imesimbwa, na aliyeisimba ni bodi ndogo iliyobaki kwenye trei.

Mzee alipopigiwa simu alisema hakuwahi kuweka nywila yoyote, na alisema kweli. Baadhi ya makasha, yakiwemo mengi ya Western Digital ya aina za My Book na My Passport, husimba kila kinachoandikwa hata kama mwenye nayo hajaomba, na nywila ikiwekwa baadaye huwa inaufunga ufunguo tu. Ufunguo wenyewe hukaa kwenye bodi au katika eneo lililofichwa ndani ya diski, kutegemea chipu iliyotumika. Yako pia makasha yasiyosimba lakini yanayobadilisha ukubwa wa sekta kutoka baiti 512 kuwa 4,096, ili diski kubwa kuliko TB 2 isomeke kwenye kompyuta za zamani. Hayo nayo yakiondolewa bodi, kompyuta huiona diski kana kwamba ni tupu. Na katika baadhi ya diski ndogo za inchi 2.5 hakuna hata SATA: soketi ya USB imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, na kulivunja ganda hakumpi mtu chochote cha kuchomeka.

Kama ganda lingepasuliwa kwa bisibisi siku ile ya kwanza, bodi hii ingeweza kuharibika, kwa kuwa iko sentimita 1 kutoka ukingoni. Nilimtumia fundi picha ya baiti zile, naye akajibu kwamba aliwahi kuletewa diski mbili za namna hiyo akazitangaza zimekufa.

Kebo ile haikuwa hasara, kwa sababu iliruhusu kusoma taarifa za afya ya diski kwa `smartctl -a -d sat /dev/sdb`. Sekta mbovu zilizokwisha kuhamishwa ni 0, zisizosomeka na zinazosubiri kuamuliwa ni 8. Nane hiyo haikunitisha: diski ya kizazi hiki ina sekta halisi za baiti 4,096 lakini inazihesabu kwa vipande vya 512, kwa hiyo nane ni doa moja. Gharama: kebo na adapta yake shilingi 45,000. Bei hiyo ni kubwa kwa kuwa iliagizwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200.

13 Julai 2024: Kulehemu kulikoshindwa

Chini ya lenzi, nyufa zilionekana kwenye nyaya mbili za soketi na kwenye miguu ya chuma inayoishikilia kwenye bodi. Fundi alipaka flaksi, dawa ya kusaidia risasi ishike, akaongeza risasi kidogo kwenye nyaya zote tano, akakagua kwa multimita kwamba hakuna waya uliogusana na jirani yake, kisha bodi ikarudishwa kwenye diski. Kompyuta iliitambua, na majina ya mafolda yakatokea, ya kwanza likiwa limeandikwa jina la bibi harusi na mwaka 2009. Waya ulipochomolewa na kuchomekwa tena, kila kitu kikatoweka.

Sababu ni kwamba nyaya zile tano hazikuumbwa kubeba nguvu. Nguvu ya kuchomeka na kuchomoa inabebwa na miguu ya chuma, na miguu hiyo ilikuwa bado imelegea, hivyo mzigo wote ukaangukia risasi mpya.

20 Julai 2024: Kulehemu kulikofaulu, na nakala

Mara hii fundi alianza na miguu. Risasi ya kulehemu ya zamani, ambayo haina madini ya risasi (lead) ndani yake na huyeyuka kwa nyuzi 217 hivi, iliondolewa yote. Chuma kikasuguliwa kwa kalamu ya ufutio hadi king'ae, kikafutwa kwa spiriti, ndipo risasi ya kawaida inayoyeyuka kwa nyuzi 183 ikatiwa hadi ikapanda pande zote za kila mguu. Nyaya zilifuata. Waya wa USB ulichomekwa na kufungwa kwa selotepu kwenye fremu ili uzito wake usiivute soketi, na haukuguswa tena hadi mwisho. Gharama ya fundi kwa awamu zote mbili: shilingi 10,000.

Kunakili kulifanywa kwa GNU ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski zenye kasoro, kwenda kwenye diski mpya ya TB 2 iliyoandaliwa kwa mfumo wa mafaili wa ext4, kwa kuwa faili moja la ukubwa wa TB 1 haliwezi kukaa kwenye mfumo wa FAT32 ambao kikomo chake kwa faili moja ni GB 4:

`ddrescue -d -n /dev/sdb studio.img studio.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdb studio.img studio.map`

Amri ya kwanza hukusanya kilicho kizima bila kung'ang'ania penye doa. Ya pili hurudi kwenye madoa pekee. Kwa USB 2.0, inayotoa karibu MB 33 kwa sekunde, diski nzima huhitaji zaidi ya saa nane. Umeme ulikatika usiku na UPS ikaisha chaji, lakini faili la `studio.map` lilikuwa limeandika kila eneo lililokwisha kusomwa, na amri ileile iliporudiwa kazi iliendelea pale ilipokatikia. Faili hilo lisisahaulike kamwe. Feni ndogo iliwekwa kuipulizia diski, kwa vile nje ya kasha lake haina kitu cha kupeleka joto.

Mwishoni zilibaki baiti 4,096 zisizosomeka, doa lile moja lililotajwa na taarifa za afya. Limeangukia ndani ya video moja ya maulidi, ambapo picha inakwaruza kwa kitambo kidogo kisha inaendelea. Mafaili mengine yote yamesomeka. Gharama: diski mpya shilingi 240,000.

3 Agosti 2024: Kulifunga kasha

Jino lililovunjika lilirudishwa kwa uji wa ABS: makombo ya ganda la skrini mbovu lenye alama hiyohiyo yaliwekwa kwenye kikombe cha kioo pamoja na asetoni kidogo, yakaachwa hadi yakawa mazito kama asali. Uji ulipakwa pande zote mbili kwa kijiti, jino likashikiliwa kwa kibanio, na likaachwa siku mbili kabla ya kubebeshwa uzito wowote. Gundi ya haraka haikutumika, kwa kuwa mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi na kiungo chake hakivumilii kupinda. Asetoni shilingi 3,000.

Bodi ilirudi, karatasi ya fedha ikabandikwa mahali pake, mipira ya mtetemo ikawekwa ikiwa imesimama wima, na kijiti cha plastiki kinachopeleka mwanga wa taa mbele kikaingizwa kabla ya ganda, kwa sababu baada ya hapo hakiingii. Ganda lilipashwa joto tena na kusukumwa polepole hadi meno yote sita yakanasa. Ukingo hauna alama isipokuwa ule ukijivu mdogo ulioachwa na kadi ya benki.

Jumla ni shilingi 322,000, na bila diski mpya ni shilingi 82,000. Nakala ya pili ya video itawekwa kwa mtoto wa mzee aliyeko Tabora, ili zisiwe nyumba moja. Kasha limerudishwa Ujiji pamoja na adapta mpya, na chini yake imebandikwa lebo iliyoandikwa: "Volti 12, chanya katikati. Diski hii husomeka kwa bodi yake tu. Visitenganishwe."